Kalsiamu imeshuka baada ya goita kutolewa: kwa nini maziwa na supu ya kongoro havitoshi

Swali

Shikamoo daktari. Nina miaka 38, naishi Njombe. Miezi minne iliyopita nilifanyiwa upasuaji wa goita, tezi ikatolewa yote. Siku ya pili nikiwa wodini midomo na vidole vikaanza kufa ganzi, nikachomwa sindano ya mshipa, kisha nikaruhusiwa na vidonge vya kalsiamu na vya thairoidi. Vya kalsiamu viliisha baada ya mwezi na nusu, nikajiona mzima, nikaacha. Sasa ganzi imerudi. Wiki iliyopita nikiwa nafua, mikono ilikakamaa hadi jirani akaja kunikunjua vidole. Shangazi anasema ni mashetani. Nimepima, kalsiamu ni 1.8. Nakunywa maziwa karibu lita nzima kwa siku na supu ya kongoro, sioni nafuu. Nina vidonda vya tumbo pia, natumia omeprazoli. Je, mifupa yangu inaisha? Vidonge ni vya maisha? Na bado natamani mtoto mmoja.

Jibu

Marahaba dada yangu, na pole sana. Nitajibu yote uliyouliza, lakini kwanza nenda hospitali. Leo. Kalsiamu ya 1.8 kwa mtu ambaye mikono imeshakakamaa haisubiri siku ya kliniki. Kwa mtu mzima kiwango cha kawaida ni kama mmol 2.1 hadi 2.6 kwa lita ya damu. Maabara nyingine huandika mg 8.5 hadi 10.5 kwa desilita. Ukitaka kulinganisha, zidisha mmol kwa 4. Ikishuka chini ya 1.9, au ikiwa juu kidogo ya hapo lakini mwili umeanza kukaza, tunaihesabu kuwa dharura. Mikono inauma lakini haiui. Tunachoogopa ni koo na moyo. Misuli midogo ya koo ikibana, mtu huvuta pumzi kwa mluzi na sauti hukwama. Mapigo ya moyo nayo huvurugika kwa sababu umeme wake unachelewa kujirudisha baada ya kila pigo. Na ubongo ukizidiwa, degedege huja, hata kwa mtu ambaye hajawahi kuwa na kifafa.

Chukua mtu wa kukusindikiza. Beba karatasi ya maabara, cheti ulichopewa uliporuhusiwa, na dawa zote unazomeza zikiwa kwenye maboksi yake. Ukifika mapokezi usiseme tu "nina ganzi", maana ganzi ina mambo mengi na utaambiwa ukae foleni. Sema hivi: "Nilitolewa goita yote, kalsiamu yangu ni 1.8, na mikono inakakamaa." Sentensi hiyo inatosha kukutoa kwenye benchi.

Huko watakupima umeme wa moyo, ECG, watatoa damu, kisha watakuwekea kalsiamu gluconate kwenye mshipa. Kwa kawaida ni ml 10 hadi 20 za asilimia 10, zikichanganywa kwenye maji ya dripu na kuingizwa taratibu kwa dakika kama kumi. Kusukuma haraka ni hatari kwa moyo, kwa hiyo usimharakishe muuguzi. Utahisi joto likipanda mwilini, hilo ni la kawaida. Lakini mkono ukianza kuungua pale sindano ilipochomwa, sema papo hapo, kwa kuwa dawa hiyo ikivuja nje ya mshipa inaharibu nyama. Ikiwa kuna mtu pale kwenye dripu yako anataka kuongeza sindano ya antibayotiki iitwayo ceftriaxone, afahamu kwamba haichanganywi na kalsiamu kwenye mpira mmoja. Na kama unatumia digoksini ya moyo, waambie kabla hawajaanza.

Jambo moja huwaponyoka wengi hapa. Sindano ya ml 10 ina kalsiamu halisi mg 93 tu. Ndani ya dakika chache ganzi inaachia, unajiona umepona, unaomba ruhusa ya kwenda nyumbani. Saa chache baadaye inarudi ile ile. Kubali kulazwa. Mara nyingi dripu inabidi iendelee polepole huku vidonge vikianza siku hiyo hiyo, hadi vipimo viwili vitatu vya kufuatana vionyeshe kwamba kiwango kinasimama chenyewe.

Sasa tuje kwenye chanzo, kwa sababu ukikielewa utaona mwenyewe kwa nini lita ya maziwa haikusaidii.

Nyuma ya tezi ya thairoidi, ile ya shingoni iliyovimba ikawa goita, upande wake wa uti wa mgongo, kuna tezi nyingine ndogo, kwa kawaida nne, kila moja kama punje ya mchele. Zinaitwa parathairoidi. Zina rangi ya manjano iliyokolea kidogo, zinafanana sana na mafuta ya shingoni, na nyingi zinategemea mishipa ile ile inayolisha thairoidi. Mtaalamu wa anatomia wa Uingereza, Richard Owen, alikuwa wa kwanza kuziandika, katikati ya karne ya 19, baada ya kumpasua kifaru wa Kihindi aliyefia kwenye bustani ya wanyama ya London. Kwa binadamu zilielezwa mwaka 1880 na Ivar Sandström, mwanafunzi wa udaktari pale Uppsala, Uswidi. Kwa miaka mingi madaktari wa upasuaji waliondoa goita bila kujua thamani yake, na wagonjwa walikufa wakikakamaa. Mnamo 1909 watafiti MacCallum na Voegtlin, huko Baltimore, Marekani, walionyesha kwamba mnyama aliyeondolewa tezi hizo anaacha kukakamaa akipewa kalsiamu.

Nakueleza haya usije ukaondoka na wazo kwamba aliyekupasua alizembea. Hata mikononi mwa mtaalamu mzuri, goita kubwa iliyokaa miaka inazisukuma tezi hizi pembeni au kuzifunika, na kuzigusa tu kunatosha kuzipunguzia damu zikapoa kwa wiki au miezi. Kati ya wagonjwa wanaotolewa thairoidi yote, kushuka kwa kalsiamu kwa muda kunawapata wengi, kama robo hivi. Kwa kawaida kiwango hufika chini kabisa kati ya saa 24 na 72 baada ya upasuaji, ndiyo maana wewe ulishikwa siku ya pili. Wanaobaki na tatizo moja kwa moja ni wachache zaidi.

Kazi ya tezi hizo ni kutoa homoni ya parathairoidi. Homoni hiyo inafanya mambo matatu, na yote wewe umeyapoteza kwa pamoja. Inaiambia mifupa iachie kalsiamu kidogo kidogo iingie kwenye damu. Inaziambia figo zisimwage kalsiamu kwenye mkojo, badala yake zimwage fosfeti, madini mengine ya damu. Na inaziamuru figo zigeuze vitamini D iwe katika hali inayofanya kazi, ile inayofungua utumbo upokee kalsiamu ya chakula. Bila amri hiyo ya tatu, unaweza kunywa maziwa hadi yakutoke puani na utumbo utapokea sehemu ndogo tu, nyingine inatoka na choo. Kidogo kinachopita kinaishia kwenye mkojo. Na maziwa yenyewe, pamoja na dagaa wa kutafuna na mifupa, yanakuja na fosfeti nyingi, ambayo kwako tayari inarundikana. Fosfeti ikipanda inazidi kuivuta kalsiamu chini.

Kongoro ni chakula kizuri, kinywe kwa kukipenda. Lakini mfupa uliochemshwa hauachii kalsiamu ya maana kwenye supu. Imebaki palepale mfupani.

Kwa hiyo mifupa yako haiishi, dada. Karibu asilimia 99 ya kalsiamu yote ya mwili iko mifupani, na kwa mtu asiye na homoni ya parathairoidi akiba hiyo imefungiwa, haitoki inavyopaswa. Wagonjwa wa aina yako hupimwa mara nyingi wakakutwa na mifupa mizito kuliko ya wenzao. Kilichopungua ni ile iliyomo ndani ya damu, sehemu ndogo sana kwa hesabu, lakini ndiyo inayotuliza mishipa ya fahamu na kuendesha moyo.

Kuhusu mashetani. Simdharau shangazi, kwa sababu anayoyaona yanatisha kweli. Mkono wa kalsiamu iliyoshuka una umbo lake: kifundo kinapinda, vidole vinanyooka na kubanana pamoja, kidole gumba kinaingia kiganjani. Madaktari wa Kifaransa waliuita mkono wa mkunga, kwa jinsi mkunga anavyokusanya vidole anapompima mzazi. Hospitalini tunaweza kuuita uje kwa makusudi: tunafunga kitambaa cha kupimia presha, tunakijaza kupita presha ya mgonjwa, tunakiacha dakika tatu. Kama kalsiamu iko chini, mkono unapinda vile vile mbele ya macho ya ndugu. Kipimo hicho kina jina la Trousseau, aliyekieleza karne ya 19. Ukilazwa, mwombe daktari akifanye shangazi akiwepo. Nimeona kinamaliza ubishi wa familia kuliko maneno yangu yote. Na ile hofu ya ghafla, hasira za bure, kulia bila sababu, kusahau, hayo nayo yanaletwa na kalsiamu. Yanapungua ikipanda.

Shambulio likikupata kabla hujafika hospitali, pumua taratibu. Ukihema haraka kwa woga, damu inapoteza hewa chafu, tindikali yake inapungua kuliko inavyotakiwa, na kalsiamu iliyo huru inajishika kwenye protini. Mikono inazidi kukaza. Hapo ndipo watu hudhani "pepo limekasirika". Wanaokuzunguka wasikutie kijiko mdomoni wala wasikuvute vidole kwa nguvu. Wakulaze kwa ubavu ukipata degedege, na watafute gari.

Ile kalsiamu ya 1.8 uliyopimwa ni ya jumla. Karibu nusu yake imeshikamana na protini, hasa albumini, na nusu nyingine ndiyo iliyo huru, inayofanya kazi. Mtu mwenye albumini ndogo kwa utapiamlo au ugonjwa wa ini anaweza kuonekana ana kalsiamu ndogo kumbe iliyo huru inatosha. Hesabu yetu ya kawaida ni kuongeza 0.02 kwa kila gramu ya albumini iliyopungua chini ya 40 kwa lita. Albumini yako ikiwa 30, basi 1.8 inasomeka 2.0. Hospitali kubwa zina mashine inayopima iliyo huru moja kwa moja. Kwako wewe dalili zimeshajibu, ila albumini ipimwe, vinginevyo dozi itapangwa kwa kubahatisha.

Ipimwe pia magnesiamu. Hiki ni kipimo kinachosahaulika sana, na kwako kina sababu maalumu: omeprazoli. Dawa hiyo ikitumika kwa muda mrefu inaweza kushusha magnesiamu. Magnesiamu ikishuka, hata tezi zilizosalia zinashindwa kutoa homoni, na mwili hausikii ile kidogo iliyopo. Nimeona wagonjwa wanamwagiwa dripu juu ya dripu za kalsiamu bila mafanikio hadi magnesiamu ilipopimwa na kurudishwa. Kuharisha kwa muda mrefu, pombe, na baadhi ya vidonge vya kukojosha vinafanya hivyo hivyo.

Sasa vidonge, na hapa naomba usome polepole, maana ndipo wengi wanapopotea.

Vidonge vya kalsiamu havilingani. Namba kubwa iliyoandikwa kwenye boksi mara nyingi ni uzito wa chumvi nzima, si kalsiamu iliyomo. Kalsiamu kaboneti ina asilimia 40 ya kalsiamu: kidonge cha mg 1250 kinakupa mg 500. Kalsiamu sitreti ina kama asilimia 21. Kalsiamu lakteti ina asilimia 13, kwa hiyo kile kidonge cheupe cha mg 300 kina kalsiamu mg 39 tu. Ukiandikiwa gramu moja na nusu kwa siku halafu duka la dawa likakupa lakteti, kimoja mara tatu, umemeza mg 117. Umeza vidonge kumi na tatu vya lakteti ndipo ufikie kimoja cha kaboneti cha mg 1250. Mwulize mfamasia swali moja: "Kidonge hiki kina kalsiamu halisi kiasi gani?" Akisoma pembeni ya boksi atakuta imeandikwa. Asipojua, tafuta mwingine.

Kaboneti inahitaji tindikali ya tumbo ili iyeyuke, na wewe unameza omeprazoli, ambayo kazi yake ni kuzima tindikali hiyo. Kwa hiyo una njia mbili za kuzungumza na daktari. Ya kwanza ni kuangalia kama bado unaihitaji omeprazoli. Wengi huanzishwa kwa wiki chache wakaendelea nayo miaka, bila kupimwa bakteria wa vidonda wala kutibiwa. Ya pili, kama lazima uendelee nayo, ni kubadili kwenda sitreti, ambayo haidai tindikali. Ni ghali zaidi na haipatikani kila mji, lakini kwa mtu wa vidonda vya tumbo naipendelea. Usiache omeprazoli kwa uamuzi wako kama umewahi kutapika damu.

Utumbo haupokei vizuri zaidi ya mg 500 kwa mkupuo, kwa hiyo dozi igawanywe, pamoja na chakula. Kisha kuna kile kidonge cha thairoidi. Hukuniambia unavimezaje, lakini nimewauliza wengi wa aina yako na jibu ni moja: vyote asubuhi na chai, kwa pamoja, wamalize. Kalsiamu inakikamata kidonge cha thairoidi tumboni na kukizuia kisiingie. Utajikuta unavimba uso, unachoka, unanenepa, unaongezewa dozi ya thairoidi bure. Acha saa nne kati yao. Ratiba inayowezekana nyumbani ni hii: thairoidi saa 12 alfajiri kwa maji matupu, chai baada ya nusu saa au saa nzima, kalsiamu ya kwanza saa 4 asubuhi na kitafunwa, ya pili saa 8 na chakula cha mchana, ya tatu saa 2 usiku na chakula cha usiku. Vidonge vya kuongeza damu, na antibayotiki za doksisaikilini na siprofloksasini, navyo havikai pamoja na kalsiamu. Vitengenezee nafasi yake.

Lakini kalsiamu peke yake haikutoshi. Ulichokosa kuliko vyote ni ile amri ya kuamsha vitamini D, na kwa hilo kuna dawa iliyokwisha kuamshwa kiwandani: kalsitrioli, au binamu yake alfakalsidoli. Kalsitrioli hutolewa kwa mikrogramu, mara nyingi kuanzia 0.25 hadi 0.5 mara mbili kwa siku, na inaanza kufanya kazi ndani ya siku chache. Ukiambiwa "meza vitamini D" ukanunua ile ya kawaida, D3 ya kopo, kumbuka kwamba figo zako zinasubiri amri isiyokuja. Ya kawaida ina nafasi yake pembeni, ikiwa vipimo vinaonyesha imepungua, ila haichukui nafasi ya kalsitrioli. Wala jua la Njombe halitakurudishia kilichopotea, hata ukiliota kutwa nzima. Kama hospitali yako ya wilaya haina kalsitrioli, uliza rufaa ya mkoa au ya kanda, na uliza kama bima yako inailipia kabla hujanunua mfukoni. Usikubali kuruhusiwa na kalsiamu peke yake bila kuuliza: "Na kalsitrioli je?"

Dozi halisi ataipanga daktari anayekuona na kuona majibu yako. Siandiki namba hapa ili ujitibu. Mwanzoni utapimwa mara kwa mara, hata kila wiki, kisha baada ya dozi kutulia ni kila miezi mitatu hadi sita: kalsiamu, albumini, fosfeti, magnesiamu na kipimo cha figo.

Na sasa jambo ambalo ningependa ulishike kuliko yote niliyoandika: lengo letu si kuipandisha kalsiamu hadi katikati ya kiwango. Tunaitaka ukingoni mwa chini, kama 2.1 hadi 2.3, mradi mwili umetulia. Ndugu watakuona na 2.1 kwenye karatasi, maabara imeweka alama ya mshale wa chini, watasema ongeza vidonge. Usiongeze. Kumbuka figo zako hazina tena amri ya kuzuia kalsiamu isimwagike. Kila unapoipandisha damuni, nyingi inapita kwenye mkojo, na miaka ikienda inaganda kuwa mawe ya figo au inajaa ndani ya nyama ya figo yenyewe. Nimewaona waliokuja na figo zilizochoka, na historia yao ilikuwa ya bidii: walimeza zaidi ya walivyoandikiwa, kila ganzi ndogo kidonge kimoja cha nyongeza. Ndiyo maana kila baada ya muda tunapima pia kalsiamu ya mkojo wa saa 24, na tunapiga ultrasound ya figo. Ikizidi kwenye mkojo, tunapunguza kalsiamu, tunakuambia upunguze chumvi kwenye mboga, na wakati mwingine tunaongeza kidonge cha kukojosha cha jamii ya thiazaidi, ambacho huzuia kalsiamu kwenye figo. Kunywa maji ya kutosha.

Dalili za kuzidi ni kiu isiyokatika, kukojoa sana, kichefuchefu, choo kigumu, usingizi mzito, kuchanganyikiwa. Ukiziona, simamisha kalsiamu na kalsitrioli siku hiyo na ukapime. Zikiwa ganzi na kukaza, ni upande wa pili, ukapime pia. Mtu anayekadiria kwa kuhisi tu hukosea pande zote mbili.

Chakula? Kula kama kawaida. Glasi moja ya maziwa au mtindi kwa siku inatosha, si lita. Sukuma wiki inatoa kalsiamu yake vizuri tumboni kuliko mchicha, ambao una oksaleti inayoikamata. Soda nyeusi za kola ziache, zinaongeza fosfeti. Macho yachunguzwe mara moja kwa mwaka, kwa kuwa kalsiamu ikikaa chini miaka mingi huleta mtoto wa jicho mapema.

Je, vidonge ni vya maisha? Bado ni mapema kusema. Miezi minne si mingi. Tezi zilizopoa kwa kukosa damu zinaweza kuamka ndani ya miezi sita, wengine hadi mwaka. Omba homoni ya parathairoidi ipimwe, kwa damu iliyochukuliwa siku moja na kalsiamu. Ikionekana ipo, hata kidogo, tuna matumaini, na daktari atakupunguzia dawa hatua kwa hatua akipima kila hatua. Ikiwa haionekani kabisa baada ya mwaka, basi ndiyo, utaishi na vidonge. Wako wengi wanaoishi hivyo, wanalima, wanafundisha, wanalea. Marekani na Ulaya ipo sasa sindano ya kila siku inayorudisha homoni yenyewe, palopegteriparatide, iliyoidhinishwa Ulaya mwaka 2023 na Marekani mwaka 2024. Bei yake kwa sasa si ya mfuko wa kawaida, kwa hiyo sikupi ahadi nayo. Ila usirudie kuacha ghafla ili "kujaribu kama nimepona". Ule mwezi na nusu ulioishi bila shida ulikuwa umebebwa na vidonge.

Msomaji mwingine ambaye hajawahi kupasuliwa shingo asichukue majibu haya kama yake. Mwenye figo zilizofeli anakuwa na kalsiamu chini na fosfeti juu kama wewe, lakini homoni yake ya parathairoidi iko juu sana, na matibabu ni mengine. Aliyekosa vitamini D, mtoto mwenye matege au mtu anayeshinda ndani, ana fosfeti ya chini na homoni iliyopanda. Huyo D3 ya kawaida na chakula vinamtosha mara nyingi. Kalsiamu ndogo ni matokeo tu, chanzo lazima kitafutwe.

Na mtoto unayemtamani: inawezekana, lakini panga. Subiri kwanza kalsiamu na thairoidi zitulie, kwa sababu zote mbili zinamgusa mtoto. Ukishika mimba, waambie kliniki ya wajawazito mapema ili wakupime kila wiki tatu nne hivi, kwani mahitaji yanaweza kupanda au kushuka kadiri mimba inavyokua. Kalsiamu yako ikikaa chini muda mrefu, tezi za mtoto tumboni zinafanya kazi kupita kiasi na mifupa yake inaumia; ikizidi, tezi zake zinalala, naye anaweza kuzaliwa akiwa na kalsiamu ndogo na kupata degedege siku za mwanzo. Kwa hiyo jifungulie hospitali yenye daktari wa watoto, na mtoto apimwe kabla hamjaruhusiwa. Kisha kipindi cha kunyonyesha kina mshangao wake: matiti yenyewe hutoa homoni inayofanana na ile uliyoipoteza, na dozi iliyokutosha ukiwa mjamzito inaweza ghafla kuwa nyingi mno. Pima ndani ya wiki ya kwanza baada ya kujifungua, endelea kupima mara kwa mara unaponyonyesha, na pima tena utakapomwachisha, maana hapo mahitaji yanarudi juu.